Mtutu Mwembamba

Ijumaa ile mwenye duka aliondoka mapema, akamwachia Peguy kazi ya mwisho: amwonyeshe mteja mmoja bunduki mbili za kuwindia, kisha afunge. Nje, moshi wa viwanda vya mtaa wa Jacobs ulikuwa umeanza kushuka, kama unavyoshuka kila jioni ya baridi, na malori yaliyokuwa yakirudi mtaa wa Clairwood yalikuwa yakiwasha taa.

Peguy alitandaza kitambaa kwenye kaunta, akazilaza bunduki ubavu kwa ubavu. Akazipanga upya mara tatu.

Maana mteja mwenyewe alikuwa Hardy.

Hardy, Mkongo mwenzake, wa Lubumbashi, mwenye malori Clairwood. Watu walimwita Patron, yaani bosi. Mwaka juzi alimchukua dereva wake Cédric, kaka yake Peguy, wakaenda kuwinda kulungu kwenye shamba moja la huko milimani. Hardy alikuwa amelewa. Akaona kitu kinatikisika kwenye nyasi, akapiga. Polisi walisema ni ajali, na huenda ilikuwa ajali kweli. Lakini wafanyakazi wa shamba walimweleza Peguy lililofuata. Hardy alimwacha Cédric akivuja damu pale pale, akaenda kulala garini mpaka pombe imtoke, ndipo akapiga simu. Walimsikia Cédric akiita kwa mbali. Wakadhani ni mnyama.

Kwenye matanga Hardy alileta ng'ombe mzima. Akalia kuliko mama mzazi.

Peguy alikula nyama ile. Tangu siku hiyo aliihisi kama iko bado kooni.

Kwa hiyo Hardy alipopiga simu dukani kuulizia bunduki, Peguy alipanda taxi ya abiria wengi mpaka mtaa wa Chatsworth, kwa mama yake mdogo, tantine Antoinette. Jumapili tantine aliimba kanisani. Siku nyingine alijua mambo mengine. Alikataa, akakataa tena, mwishowe akamfungia udongo wa kaburi la Cédric kwenye kipande cha kitambaa.

"Paka kwenye mti wa kitako cha bunduki moja," alinong'ona. "Halafu mwite kaka yako kwa jina yake. Lakini sikia, mwana. Usimudanganye huyo Patron hata neno moja. Achague kwa mukono yake mwenyewe. Ukimudanganya, kitu kitageuka, kitakuja kwako."

Alhamisi, duka lilipofungwa, Peguy aliingia kwenye chumba cha kufungia silaha. Bunduki zote mbili zilikuwa za komeo la kuvuta kwa mkono, za risasi za aina moja, bei karibu sawa. Moja ilitoka Finland: nyepesi, kitako cha mti wa kahawia uliong'arishwa, mtutu mwembamba. Nyingine ilitoka Czech: nzito, mtutu mnene. Hardy alikuwa mtu wa kupanda vilima akifuata kulungu. Angeacha vipi bunduki nyepesi?

Akaupaka udongo mti wa kitako cha ile ya Finland. Akaita.

Kimya.

Halafu... klak.

Komeo lilifunguka lenyewe. Taratibu. Likarudi. Klak. Chumba kikajaa harufu ya nyasi zilizolowa, na ndani yake harufu nyingine, nzito, kama ya buchani asubuhi. Kitu kikapumua nyuma ya sikio lake.

"Nimekuja," kikasema.

Peguy alilia. Kwa furaha.

Sasa, Ijumaa, Hardy aliingia akitabasamu, nyuma yake binti yake Carmel, mwanafunzi wa chuo, msichana mpole mwenye miwani.

"Petit Peguy! Wewe ni famille, ni wa nyumbani. Ndiyo maana nilikuja hapa, siendi kwa wengine." Akamshika bega. "Mambo ya Mungu yalipita, eeh?"

"Karibu, Patron," Peguy akasema. Meno yalimuuma kwa kuyabana.

"Pole na kazi, yaya Peguy," Carmel akasema, akimwita kaka mkubwa kwa desturi ya kwao.

Hardy aliinua ile ya Finland, akaiweka begani, akachungulia darubini. Kutoka kwenye chumba cha silaha Peguy alisikia pumzi ikivutwa. Ndefu. Kama ya mtu aliyewekewa chakula mbele yake.

Chukua. Chukua, shetani wewe, Peguy akawaza.

Hardy akaishusha. Akainua ile ya Czech.

"Hii iko nzito."

"Ni nzito, Patron."

"Lakini bega yangu inauma siku hizi. Hii nzito haipigi bega sana, si ndiyo?"

"Ndiyo. Uzito wake unameza ule msukumo."

"Na shabaha?"

"Zote zinapiga sawa. Risasi ya kwanza, huwezi kuzitofautisha."

Hardy akazipima, moja kila mkono, akacheka. Akaiweka ile nyepesi mikononi mwa binti yake.

"Basi nachukua zote. Nzito ya kwangu, ya kulungu. Hii nyepesi ya Carmel. Ameanza kupiga shabaha na wenzake wa chuo. Anapiga kuliko mimi!"

Peguy alinyoosha mkono, akaurudisha.

Carmel alilaza shavu kwenye mti wa kitako. Pale pale Peguy alipopaka. "Eish, papa, ni nzuri," akasema. Mlango ulikuwa umefungwa, upepo hakuna. Lakini nywele ndogo za kwenye shingo ya msichana zililala upande mmoja... kama mtu anazipuliza.

Harufu ya nyasi ikaja.

Angeweza kusema bunduki ile haiuzwi. Angeweza kuinyang'anya, kuitupa, kupiga kelele. Hardy angekwenda zake na ile nzito, mzima, akicheka. Angezeeka. Angepeleka ng'ombe kwenye matanga ya wengine.

"Patron," Peguy akasema. Sauti ilikuwa yake, lakini aliisikia kama ya mtu aliyesimama mbali. "Nikuambie kweli?"

"Sema, petit."

"Mmezigawana kinyume. Mtu wa shabaha anapiga risasi nyingi mfululizo. Mtutu mwembamba unapata moto upesi, na ukipata moto, risasi zinaanza kutawanyika kwenye karatasi ya shabaha. Mtutu mnene unavumilia. Tena yeye anapiga akiwa amelala, uzito haumsumbui. Wewe ndiye unayepanda vilima. Kulungu anakupa risasi moja, mbili basi. Ya kwako ni hii nyepesi."

Hakuna neno la uongo lililokuwa ndani yake. Muuzaji yeyote mwaminifu angesema hivyo hivyo.

Hardy alifikiri. Akaichukua kutoka mikononi mwa binti yake.

"Kweli. Hii ni yangu."

Ndani ya chumba cha silaha, kitu kilicheka kidogo.

Kwa sheria, bunduki zilibaki dukani mpaka leseni zitoke. Miezi ilipita. Kila jioni Peguy alibaki kidogo baada ya kufunga, na kitu kile kilimuuliza, "Lini?" Naye alikijibu, "Karibu." Alizoea harufu. Alikonda. Mwenye duka alimuuliza kama ana kifua kikuu.

Leseni zikatoka. Hardy akachukua bunduki zake akipiga mluzi, na chumba kile kikawa kimya.

Haikuchukua muda habari ikafika. Patron Hardy amekufa. Ajali ya kuwinda.

Peguy hakwenda kwenye matanga. Alinunua nyama, akachoma, akala peke yake, akicheka kwa sauti. Ilishuka kooni bila shida.

Kisha, asubuhi moja ya jua kali, Carmel akaja dukani. Amevaa nguo nyeusi. Alisubiri wateja watoke, ndipo akasema.

"Yaya Peguy. Nilikuwa naye."

"Pole sana, dada."

"Polisi wanasema bunduki ilianguka ikapiga. Lakini haikuwa na risasi. Alizitoa mbele yangu tulipopumzika. Zilikuwa mfukoni kwake." Akavua miwani, akaifuta. "Tuliona kulungu amesimama peupe. Papa akaangalia kwenye darubini. Akashusha bunduki. Uso wake ulikuwa... sijui. Akaangalia tena, akasema, 'Cédric?' Akaiegemeza bunduki kwenye mti, akaanza kumfuata yule mnyama. Mnyama hakukimbia. Alikuwa anamngoja."

Peguy alivuta kiti, akakaa.

"Mi nilitaka kumfuata. Mtu akanivuta mkono. Mwanaume, ovaroli ya buluu, imelowa yote. Akanisukuma nyuma ya jiwe. Nikasikia komeo... klak. Hakuna mtu aliyeishika, yaya. Nimeapa kwa polisi, hawanisikii. Ikapiga. Papa akaanguka."

Ovaroli ya buluu. Walimzika Cédric amevaa suti, lakini alikufa amevaa ovaroli ya buluu.

"Yule mtu akaniambia, 'Nenda ukae naye. Mushike mukono. Ni vibaya mutu afe peke yake.' Nilikaa naye mpaka mwisho." Machozi yalikuwa yakimshuka. "Halafu akanipa neno nikuletee."

"Neno gani?"

"Akasema: 'Mwambie Pé, si mimi niliyekuja.'"

Hakuna mtu mwingine duniani aliyemwita Pé. Kaka yake tu, tangu wakiwa watoto.

Carmel alipoondoka, Peguy alimpigia simu tantine. Alimweleza yote.

"Siku ile ulimwita namna gani?" tantine akauliza.

"Nilisema, 'Ndugu yangu, njoo.'"

"Jina? Ulitaja jina yake?"

Peguy aligeuka kukitazama chumba cha silaha.

"Mwana... ulitaja jina?"

"Hapana."

"Bila jina, anakuja yeyote mwenye njaa," tantine akasema. Kisha Peguy alimsikia akianza kusali, haraka haraka, na simu ikakatika.

Aliacha kazi siku hiyo hiyo, hata mshahara hakusubiri. Sasa anabeba mizigo kwenye ghala moja Clairwood. Wenzake wanamwona mtu mzuri, ila ana tabia moja hawaielewi. Kwenye taxi anakaa mlangoni, mgongo wake kwenye bodi ya gari, asiwe na mtu nyuma. Na hata hivyo kuna jioni anageuka ghafla, anatazama bati tupu, anamwambia dereva asimamishe, anashuka mbali na kwao.

Wanamwuliza kuna nini. Anasema kuna aliyeita, "Ndugu yangu, njoo."

Nani ameita?

Anatembea, harufu ya nyasi zilizolowa ikimfuata, kwenye barabara ambayo haina hata jani.