Gauni la Saba

Usinibinulie mdomo. Kama huamini, kaa na kutoamini kwako. Mwenye mkasa ni jirani yangu, fundi cherehani, mwanamke asiyejua kutunga hata salamu.

Siku hiyo aliletewa kazi na watu wa sinema. Walikuwa wanaigiza habari za yule muuaji aliyekuwa akiwavalisha wasichana magauni ya hariri kabla ya kuwanyonga. Mwongozaji, bwana wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alitaka gauni jekundu kwa kila marehemu, tena lipendeze. Huyo hata kifo alitaka kipendeze. Akaacha karatasi ya vipimo, akaenda zake.

Fundi alikuwa na binti. Miaka mitatu nyuma binti huyo alitoka asubuhi, hakurudi. Polisi wakasema maiti za yule muuaji zilizopatikana ni sita na binti yake hamo. Huyo, wakasema, atakuwa kakimbilia kwa mwanaume. Mama akayakumbatia maneno hayo. Kila siku alimtukana mwanawe kwa kutopiga simu, maana mtu hamtukani maiti.

Alipofika kipimo cha saba, mkasi ulisita. Kifua. Kiuno. Bega la kushoto limeshuka inchi moja. Bega hilo alilishonea tangu sare ya darasa la kwanza. Akajiambia mabega yaliyoshuka yapo mengi. Akakata.

Sinema ilipokamilika, walioifanyia kazi waliitwa kuitazama, mchana kweupe. Kwenye pazia la sinema, korido nyeupe. Wasichana wakapita mmoja mmoja, hariri ikimeta. Sita. Kisha wa saba, amewapa mgongo. Gauni limemkaa. Bega limeshuka.

Fundi akamwinamia mwongozaji. “Yule wa mwisho ni nani, baba?”

“Yupi, mama?”

“Wa saba.”

“Wako sita,” alinong’ona, kwa upole wa kumsemesha mgonjwa. “Na vipimo nilikupa sita.”

Karatasi ilikuwa mkobani. Akaitoa, akaisoma kwa mwanga wa picha. Mistari sita.

Akaomba ufunguo wa stoo ya mavazi. Magauni sita yalining’inia, makavu, yamepigwa pasi. La saba lilikuwa mwisho. Pindo limechanika, limejaa udongo, kama la mtu aliyeburutwa. Akapeleka mkono kwapani mwa gauni.

Jasho. Bado la moto.

Alitoa sindano kwenye kola yake, akapiga magoti, akalishona lile pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

“Basi, mwanangu,” alisema. “Nimekuona.”

Akatoka. Akaufunga mlango taratibu, kama ndani kuna aliyelala.