Bakuli Lililozibwa

Unga haukuumuka. Guizhen aliukanda upya, akaongeza chachu, akafunika bakuli kwa kitambaa na kuliweka juu ya kitanda cha udongo cha jikoni, mahali penye moto chini yake. Jioni akaukuta vile vile, mzito na baridi.

"Bakuli lako hili lina mkosi," alimwambia mumewe.

Shengcai alicheka. "Loo! Mkate umekushinda, sasa unasingizia bakuli."

Alikuwa amelifukua mwenyewe, alipokuwa akipanua shamba lao la ngazi huko juu, katika milima ya Zhangjiachuan. Kwanza jembe liligonga mtungi mkubwa wa udongo mwekundu. Bakuli lilikuwa limefunika mdomo wake, limechorwa samaki weusi. Ndani ya mtungi mlikuwa na mchanga na vifupa vidogo. Shengcai alidhani ni vya mwanakondoo, akavimwaga korongoni. Kwenye kitako cha bakuli palikuwa na tundu dogo lililotobolewa kwa uangalifu. Akaliziba kwa saruji. Mtungi ukawa wa mtama, bakuli likawa la unga.

Hakukuwa na mtu mwingine nyumbani mle. Safiya, binti yao wa pekee, alikufa kwa surua wakati wa baridi, hata miaka miwili hajatimiza.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, Guizhen alisikia sauti chini ya kitambaa, sauti ya midomo inayonyonya. Akafunua. Unga ulikuwa umebonyea katikati, kibonyeo kidogo cha duara. Jiko zima lilinuka maziwa. Alipojishika kifuani, nguo yake ilikuwa imelowa.

Hakumwambia mumewe. Mwanzoni kile kitu cha bakulini kililia kama anavyolia mtoto yeyote, lakini kadiri Guizhen alivyokibembeleza na kukinong'oneza habari za Safiya, ndivyo kilivyojifunza, kikapata kikohozi cha Safiya, kikapata namna yake ya kuita "Mamaa?" kwa kuvuta mwisho kana kwamba anauliza, na Guizhen akawa hatoki tena jikoni, hali, mashavu yamebonyea, macho yanang'aa kwa furaha ambayo Shengcai aliiogopa kuliko kilio.

Alasiri moja Shengcai alirudi kutoka kwenye viazi, akainua pazia la mlango, akamwona mkewe ameinama juu ya bakuli, kifua wazi, akikamulia humo maziwa tone kwa tone, na yale maziwa yakipungua, yakipungua bila mdomo wowote kuyagusa, mpaka chini pakabaki samaki weusi peke yao, wakavu, na mkewe akisema kwa upole, "Taratibu, mwanangu, utapaliwa."

Alikimbia moja kwa moja msikitini, akarudi na imamu.

Ahongi Min, ndivyo walivyomwita imamu wao, aligeuza bakuli mikononi. "Nani kaziba hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi, Ahongi. Bakuli lenye tundu la kazi gani?"

"La mtoto. Watu wa kale wa hapa walizika wachanga wao mitunguni, wakaacha tundu ili roho ipite. Roho ya yule mtoto ilikwenda kwa Mola wake zamani. Lakini kila mtu huzaliwa na mwenziwe wa kijini, na huyu alibaki, akitoka na kurudi. Wewe umemwaga mifupa ya mwenzake, kisha ukamfungia mlango."

"Ananiita mama," Guizhen alinong'ona.

"Anakuita kwa sauti aliyoipata kwako. Safiya yuko kwa Mwenyezi Mungu, binti yangu."

"Na huyu? Huyu ana nani?"

Mzee alimrudishia bakuli. "Atakumaliza," alisema. "Na aliyemnyonyesha ndiye wa kumwachisha ziwa."

Guizhen alipewa msumari. Ahongi akasoma Ayatul Kursiy, na kila saruji ilipomomonyoka kidogo kile kitu kilikohoa, kikaita, kikabembeleza kwa sauti ya Safiya wa siku ile ya mwisho, alipoomba maji akashindwa kuyameza, na Guizhen akaendelea kuchokoa huku machozi yakimtiririka hadi shingoni, mpaka tundu likafunguka na kitu chenye joto, kidogo kama pumzi ya mtu aliyelala, kikapita juu ya kifundo cha mkono wake na kutikisa pazia la mlango.

Mtungi na bakuli walivirudisha shambani. Maziwa yakakauka. Guizhen akaanza kula. Lakini alipokaa kumkumbuka mwanawe, aliuona uso, aliikumbuka harufu ya nywele, sauti asiipate. Kilichotoka kilikuwa kimeondoka nayo.

Wakati wa mavuno wanawake walikuwa wakikata ngano kwenye shamba lile lile la ngazi. Ghafla jirani yake Yulan akasimamisha mundu. Wengine nao wakasimama.

"Mama Safiya... husikii?"

"Nini?"

"Basi. Ni upepo."

Guizhen alisikiliza. Kwake mlima ulikuwa kimya. "Ni yeye?"

"Mwenyewe hasa! Astaghfirullahi, twendeni zetu."

Guizhen akamkamata mkono wa nguo. "Niigizie."

"Nikuigizie nini?"

"Anavyoita. Niigizie, dada."

Yulan aliwatazama wenzake. Kisha akaita polepole, "Mamaa?"

Guizhen aliinamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayesemeshwa kwa lugha ya ugenini.

"Tena," alisema.