Damu Inakumbuka Miezi Mitatu

Ukifika sokoni Marani, utamsikia Nyakerario kabla hujamwona.

"Tamu! Tamu kuliko maneno ya mchumba! Wewe mama, mbona unapita kama hatujuani?"

Watu hucheka. Wakishacheka, hununua. Nyakerario ana miaka ishirini na mitano, na kazi yake ni kuuza ndizi mbivu. Huketi kwenye kigoda chake tangu asubuhi mpaka jua lipoe. Huenda sokoni kwa bodaboda, hurudi kwa bodaboda. Saa sita hunywa soda baridi.

Ndizi mbivu haingoji mtu. Leo ni ya manjano, kesho ina madoa, kesho kutwa ni nyeusi. Wachuuzi wengine hutupa. Nyakerario hawezi kutupa chakula.

"Kuliko hasara iende jalalani, iende tumboni," husema, huku akimenya.

Leo moja, kesho tano. Nani anahesabu?

Mume wake ni Mose, anayelima majani chai. Wana mwaka mmoja katika ndoa. Wanaishi boma moja na Bitutu, mama yake Mose. Kila Sabato, ibada ikiisha, Bitutu hubeba watoto wa watu pale nje ya kanisa. Hubeba huyu, hubeba yule. Hasemi kitu. Lakini Nyakerario ana macho, anaona.

Basi kuna wakati Nyakerario alianza kubadilika. Akawa mtu wa kiu. Akimaliza maji ya kikombe, anataka ya jagi. Choo nacho hakikupumzika. Alichoka hata kabla ya kufanya kazi. Njaa ikawa haimwachi.

Bitutu aliona hayo yote, na moyo wake ukaruka. Akamvuta Mose kando.

"Bibi yako anaenda haja ndogo mara ngapi kwa siku?"

"Baba, hiyo ni swali gani?" Kwa Ekegusii, mama ndiye anaitwa "baba", na Mose hakuacha kumwita hivyo hata akiongea Kiswahili.

"Ni swali ya mtu amezaa watoto sita. Jibu!"

"Mara nyingi."

"Anachoka?"

"Sana."

"Chakula je?"

"Anakula kunishinda."

Bitutu akapiga makofi. "Na wewe unalala hapo kama gunia! Huyo ana mimba!"

Tangu siku hiyo Nyakerario alilishwa kama malkia. Uji wa wimbi asubuhi, sukari vijiko vinne. "Kunywa, sasa mko wawili." Obokima, yaani ugali, ukapakuliwa mlima mzima. Lakini jambo la ajabu, tumbo halikukua. Sketi zikaanza kumlegea kiunoni. Na siku moja sokoni alimwita mteja kwa jina la mtu mwingine, kwa sababu uso wake aliuona kama uko ndani ya moshi.

Mzazi mwenzangu, simama hapa kidogo. Kiu isiyokwisha. Mkojo wa mara kwa mara. Uchovu. Macho yenye ukungu. Mtu anakula na bado anakonda. Ukiona hayo kwa mtoto wako, hata kama ni kijana, usikae nyumbani ukiyapa majina mazuri. Nenda apimwe.

Jirani yao ni muuguzi, anaitwa Aketch. Kwao ni upande wa ziwa. Alipanga nyumba pale ng'ambo ya ua, na kazi yake ni kwenye dispensari. Bitutu, amevaa nguo yake ya kanisani, alimpeleka Nyakerario huko.

"Sista, tumekuja kuanza kliniki ya mama na mtoto," Bitutu alisema, na mabega yake yakacheza.

Aketch alipima mkojo. Akautazama. Halafu akamdunga Nyakerario kidole kwa kisindano kidogo, tone moja la damu likaingia kwenye mashine ndogo kama simu.

"Sista, kidole na mimba vinahusiana vipi?" Nyakerario aliuliza.

Mashine ikalia. Aketch akasoma. "Kumi na tisa."

"Wiki kumi na tisa!" Bitutu akapaza sauti. "Nilisema mimi!"

"Hapana, mama. Si wiki." Aketch akavuta kiti karibu. "Hiyo ni sukari iliyo ndani ya damu. Iko juu sana. Mimba hakuna."

Nyakerario alikuja kutafuta mtoto, na sasa anapewa ugonjwa.

"Mimi si mzee," alisema polepole. "Sukari ni ya wazee wenye magari."

"Tulikuwa tunasema hivyo. Siku hizi napima vijana wadogo kukushinda. Kwenu kuna mtu alikuwa nayo?"

"Nyanya, mama ya mama yangu. Walimkata mguu."

"Basi, mlango ulikuwa umeachwa wazi. Na wewe unakaa kwa kiti siku nzima na soda mkononi. Sikulaumu. Nakueleza. Ndani ya mwili kuna kitu kinaitwa insulini. Ni kama bawabu. Kazi yake ni kufungua seli ili sukari iingie, iwe nguvu. Kwako wewe bawabu anabisha, lakini milango imekuwa migumu. Sukari inabaki barabarani, kwa damu. Ndiyo maana unakula na bado huna nguvu."

"Nimerogwa?"

"Hujarogwa. Unaumwa. Na ugonjwa huu hauondoki kama malaria, lakini unatulizwa. Ukitulizwa, unaishi hadi mvi."

Alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Daktari akampima tena, akasema ni kisukari aina ya pili. Akapewa tembe za kumeza pamoja na chakula. Akaangaliwa macho na miguu.

Siku aliyorudi, Nyakerario alimngoja Aketch kwenye ua. Alikuwa na swali moja tu.

"Sista, nitazaa?"

"Utazaa. Lakini usikimbilie. Unajua moyo wa mtoto unaumbwa lini?"

"Miezi ya mwisho?"

"Wiki za kwanza. Moyo, uti wa mgongo, vyote vinaanza wakati mama hajajua hata kama ana mimba. Kama damu yake wakati huo imejaa sukari, mimba inaweza kutoka, au mtoto aumbike vibaya. Kwa hiyo tushushe sukari kwanza. Kwa sasa mtumie njia ya kupanga uzazi. Damu ikitulia, mimi mwenyewe nitawaambia endeleeni."

Nyakerario akashika tumbo lake. Kumbe kuna mambo makubwa hivyo, yanafanyika gizani, mwenye mwili hana habari!

Bitutu naye alipiga vita kwa njia yake. Alichukua kopo la sukari akalificha chini ya kitanda chake.

"Ugonjwa ni wa sukari. Basi sukari imefungwa jela!"

Wote wakanywa chai chungu. Mose alikunja uso kama mtu aliyemeza kwinini, lakini alikunywa. Nyakerario alimeza tembe zake bila kukosa. Soda aliacha. Lakini pale sokoni ndizi ziliendelea kuwa nyeusi, na yeye akaendelea kumenya.

"Ndizi si sukari," alijiambia. "Ndizi imetoka shambani. Mungu ameiotesha."

Halafu akagundua ujanja. Siku ya kliniki inajulikana mapema. Siku mbili kabla, alikula chinsaga tupu, zile mboga zetu chungu, na maji. Ni kama shule inayofagia kiwanja kwa sababu wageni wanakuja kukagua. Akidungwa kidole, mashine inasema saba. Anarudi nyumbani akiimba.

Mara ya tatu alifuatana na Mose.

"Sista, sukari imeshuka," Mose alisema. "Sasa tunaweza..." Akatazama viatu vyake.

"Mnaweza nini? Sema, hapa si kanisani."

"Mtoto."

Aketch akacheka. "Sawa. Lakini kuna kipimo kingine kabla ya hapo. Kidole kinaniambia habari ya leo tu. Nataka habari ya miezi mitatu."

"Utaipata wapi?" Nyakerario aliuliza.

"Kwa damu yako. Damu inakumbuka."

Akatoa damu kwenye mshipa wa mkono, ikapelekwa hospitali kubwa. Majibu yaliporudi, Aketch aliyaleta mwenyewe hadi nyumbani. Walikuwa wamekaa jikoni wote watatu.

"Kipimo hiki kina hesabu yake, si ile ya kidole. Tunataka iwe chini ya sita na nusu," Aketch alisema. "Ya Nyakerario ni kumi na moja."

"Haiwezekani," Mose akasema. "Kidole kilisema saba!"

"Mose, wewe unachuma majani chai. Yale yaliyo kando ya barabara ya vumbi yanakuwa vipi?"

"Mekundu. Vumbi inashika."

"Ukiangalia jani hilo, unajua kama magari yalipita?"

"Najua. Hata kama leo hakuna gari."

"Ndiyo hivyo. Kwa damu kuna chembe nyekundu. Kila chembe inaishi kama miezi mitatu, halafu inakufa, inazaliwa nyingine. Sukari ikipita, inashika kwa chembe kama vumbi. Kufagia barabara leo hakuitoi."

Nyakerario alikitazama kidole chake kama kitu alichopewa leo. Ndani ya ngozi hii kuna shahidi. Hasinzii, hadanganyi, hachukui upande wa mtu.

"Inajua yote?" aliuliza.

"Yote."

"Hata ya sokoni?"

Aketch akageuka. "Ya sokoni ni gani?"

Basi ikabidi aseme. Mose alijaribu kujizuia, lakini kicheko kikamtoka. "Kumbe tuna mteja mkubwa, na ni wewe!" Halafu akaona machozi ya mke wake, akaacha kucheka.

"Nimemuua mtoto wangu kabla hajakuja," Nyakerario alisema.

"Hujaua mtu," Aketch akasema. "Mtoto hajaanza. Ndiyo maana tulisema ngoja. Na ndizi si sumu. Nusu ya ndizi, siku moja moja, hakuna shida. Lakini sukari haikai kwa kopo peke yake. Iko kwa ndizi mbivu. Obokima ikifika tumboni inageuka sukari. Uji pia."

"Obokima ya wimbi?" Bitutu aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hiyo ya wazee wetu?"

"Hata hiyo, mama. Ni nzuri, lakini si mlima. Msiniamini kwa maneno. Jumapili nakuja na mashine."

Jumapili alikuja. Akampima Nyakerario kabla ya kula: tisa. Akamwambia ale kama zamani, mara hii moja tu, waone kwa macho. Ugali mkubwa, ndizi tatu, halafu kiti. Baada ya saa mbili wakapima tena. Kumi na sita.

"Nyasae!" Bitutu alimwita Mungu, akashika kichwa.

Jumapili iliyofuata ilianza vilevile, tisa. Lakini sahani ilikuwa nyingine. Nusu yake ilikuwa chinsaga na managu, yaani mnavu. Robo ilikuwa maharagwe. Ugali ulikuwa saizi ya ngumi ya Nyakerario. Walipomaliza, Aketch akasema, "Simama. Twende kisimani."

Wakashuka, wakapanda na maji. Nyakerario alihema. Saa mbili zilipotimia, wakapima. Nane.

"Imeshuka?" Bitutu alisema. "Amekula, na imeshuka?"

"Miguu imekula sukari, mama. Misuli ikifanya kazi, ile milango migumu inafunguka."

Bitutu aliinama, akaitazama miguu ya mke wa mwanawe, pale kwenye vumbi, na viatu vya plastiki. Alikuwa ameiona kila siku. Hakujua kwamba ni dawa.

Lakini kujua si kufanya. Jioni ile ile Bitutu alishindwa kupakua. Mwiko ulibaki juu.

"Watu watasema ninamnyima bibi ya mwanangu chakula. Mgeni akiingia aone ugali kama wa paka?"

"Baba, basi utupakulie sisi wote hivyo," Mose akasema. "Mgeni akiuliza, umwambie hii nyumba inakula mboga."

Ikawa hivyo. Shamba la chinsaga likaongezwa nyuma ya nyumba. Ndizi zilizozidi zikapewa ng'ombe.

"Yeye ana matumbo manne," Nyakerario alisema, "ataweza hiyo hasara." Siku ya kwanza alisimama akimtazama ng'ombe akitafuna, na mate yakamjaa mdomoni. Hakuna aliyesema ni rahisi. Siku nyingine alionja. Siku nyingine alikasirikia kila mtu bila sababu. Lakini alirudi kwa miguu kutoka sokoni, beseni kichwani, na tembe hakuacha, hata alipojisikia mzima kabisa. Macho yake yakawa safi tena.

Miezi mitatu ikapita. Damu ikasema saba na nukta nane.

"Bado," Aketch akasema. "Lakini unaona? Inakumbuka mazuri pia."

Maneno hayo yalimshika Nyakerario kuliko yote. Alikuwa amedhani shahidi huyu anaandika makosa tu.

Miezi mingine mitatu ikapita. Aketch aliingia jikoni na bahasha. Alijaribu kuficha uso wake, akashindwa.

"Sita na nukta mbili. Na daktari amekubali."

Mose akakaa chini, ingawa hapakuwa na kiti. Bitutu akaanza kulia na kucheka pamoja. Aketch akatoa pakiti ndogo yenye tembe za manjano.

"Hizi si za sukari. Unaanza leo, moja kila siku, ndipo baadaye muache ile njia ya kupanga uzazi."

"Ni za nini?" Nyakerario aliuliza.

"Za mtoto. Zinasaidia uti wake wa mgongo ufunge vizuri."

"Mtoto gani, Sista? Hatujampata."

"Huyo huyo."

Nyakerario aliweka tembe moja kiganjani. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mahindi. Akaomba maji. Bitutu akasimama, na Mose naye akasimama, ingawa hakuna aliyewaambia. Wakamtazama akimeza.