Bahari kwenye Saloni ya Grégoire

Sombe, kisamvu cha jioni ile, ilikosa chumvi. Mambo yalianzia hapo, na kama Grégoire angekuwa mume mwenye akili, angekula akanyamaza. Lakini alisema. Adèle, mkewe, akamjibu kwa upole wa kutisha kwamba chumvi ameitia mara mbili, na anayeona haitoshi, jikoni kuko wazi. Grégoire akaenda, akachovya kidole katika kopo la chumvi, akalamba. Ilikuwa kama kulamba chaki.

Hakujali. Kichwa chake kilikuwa saloni, chumba chao cha wageni, kwa sababu wiki ile alikuwa amenunua bahari.

Tuseme ukweli: alinunua sanduku la kioo refu kama jeneza, pamoja na pompe yake ya kusukuma hewa, taa yake, mawe ya matumbawe na maji yenyewe ndani ya madumu, kutoka kwa Mbelgiji mmoja wa mtaa wa Nguba aliyekuwa anafunga mizigo. Ulikuwa mwaka ule wazungu walipokuwa wakinyang'anywa maduka, na Bukavu nzima ilikuwa inanunua vitu isivyojua matumizi yake. Jirani yao mmoja alikuwa na piano. Kuku walitagia humo. Grégoire, karani wa kampuni ya chai (ofisini siku hizo, kwa amri ya serikali, ilibidi aitwe kwa jina la babu yake, ila nyumbani mkewe hakuwa na nafasi ya siasa), hakuwahi kuiona bahari, na ndiyo maana aliitaka. Aliota wenzake wakija Jumapili baada ya misa wamkute ameketi kando yake, mguu juu ya mguu, kama mwenyewe.

Mzungu alimfundisha kidogo. Maji yakipungua, aongeze maji matamu tu, kwa kuwa maji huruka hewani na chumvi hubaki. Kuhusu samaki, alisema wameisha. Mtu aliyewahi kununua hata mbuzi angeuliza wameisha namna gani. Grégoire aliuliza kama ile taa inatumia balbu za kawaida.

Aliongeza maji matamu. Chumvi ikazidi. Ilitoka juu ya kioo, nyeupe, ikatambaa ukutani kama ukoma, na kadiri ilivyotambaa ndivyo nyumba ilivyopoa mdomoni: ndagala kavu, dagaa za Uvira, zikawa karatasi, na chumvi mpya ya sokoni ikafa kabla kopo halijafunikwa. Kisha ikaja harufu ambayo hakuna Mushi, mwenyeji wa milima ile, aliyeizoea, ya chuma, ya damu ya zamani, ya kitu kilichooza mbali sana. Mchana mmoja umeme ulikatika mtaa mzima, redio za majirani zikanyamaza, na pompe ikaendelea kupumua. Grégoire akaufuata waya ukutani, akauchomoa. Ikaendelea kupumua, taratibu, na katikati ya mawe kitu cheupe kilijirudisha ndani bila haraka, kama mtu asiyejali kuonekana.

Akakifunika kioo kwa shuka, akamwambia Adèle kwamba mwanga unaharibu maji. Uongo wa namna hii wanaume huusema vizuri sana.

Binti yao Agathe, mtoto wa miaka sita, ndiye aliyeliinua lile shuka na kukaa chini yake kila alasiri, paji la uso likiwa kwenye kioo. Mwanzoni alilegea miguu. Halafu akaanguka. Adèle alimwinua, mtoto analia bila sauti, akambusu mashavu, kisha akambusu tena polepole, na Grégoire akauona uso wa mkewe ukibadilika.

"Machozi yake ni maji tu," alimnong'oneza mumewe. "Papa Agathe, onja mutoto wako."

Walimkimbiza kwenye zahanati, na infirmier, muuguzi wa zamu, akamtundikia serum, na ile serum, ambayo si kitu zaidi ya maji na chumvi, ilimfungua mtoto macho kwa muda wa kuomba uji, lakini walipomrudisha nyumbani na kupita naye mlango wa saloni akalegea tena mikononi mwa baba yake, kichwa kikaning'inia, na kutoka mdomoni mwake, mdomo wa mtoto wa mtaa wa Kasha ambaye maisha yake yote alikuwa amesema maji iko, maji haiko, kikatoka Kiswahili kilichonyooka cha watu wa pwani, cha mzee mwenye hasira aliyechoka kungoja wapumbavu: "Maji yamekuwa haba. Nimeng'olewa kwangu nikatiwa ndani ya chupa. Nitajenga bahari yangu hapa, na ninyi ndio chumvi yake."

Adèle hakupiga kelele. Alimlaza mtoto kwa jirani, akashuka hadi mtaa wa Kadutu, akarudi na Mwalimu Ramazani wa msikitini, mtu wa Maniema ambaye Wakristo wa mtaa ule walimsema vibaya wakiwa wazima na kumtafuta wakiwa wagonjwa. Mwalimu alisimama kizingitini, akasoma Kurani, na maji ndani ya kioo yakajikunyata upande wa mbali. Akatoka nje, jasho linamtiririka.

Grégoire akasema wayamwage ziwani. Mwalimu akamwangalia kwa huruma.

"Kivu haina chumvi," alisema. "Ataifuata ndani ya batu bote banaokunywa ile maji. Huyu ni wa bahari, bahari tu njo itamupokea."

"Bahari iko Mombasa. Mutoto hataiona kesho," Grégoire alisema.

"Iko moja karibu." Mwalimu aligusa kifua cha Grégoire kwa kidole. "Damu yako iko na chumvi. Mutoto analazimishwa kumubeba, njo maana anakufa. Mutu mukubwa anaweza kukubali. Ukikunywa, utamubeba. Na utamupeleka kwao."

Grégoire alijaribu mzaha, kwamba hata bia humtapisha. Adèle alikuwa tayari amekwisha kuingia saloni na kikombe cha chai, akakizamisha, akakileta kimejaa hadi ukingoni.

"Wewe njo ulimuleta," alisema. "Kunywa."

Akanywa. Kilishuka kikiwa baridi na kizito, kikijipangia nafasi, kikisukuma kando vilivyokuwemo. Kabla hajameza funda la mwisho, kutoka kwa jirani alisikika Agathe akilia kwa sauti, kilio cha mtoto mwenye njaa na mwenye haki.

Wiki iliyofuata ilipatikana nafasi kwenye lori la kahawa la Mombasa. Adèle alimfungia mkate na sweta. Kando ya barabara walisimama kama watu wasiojuana, mpaka Grégoire akamuuliza, polepole asije akasikiwa na aliyekuwa ndani yake, atajuaje kwamba atakayerudi ni yeye.

"Nitakuonja," Adèle alisema, akamfunga kifungo cha juu cha koti.

Alipanda. Safari haikumtisha, wengi wamefika Mombasa wakarudi na redio. Kilichomtisha ni kwamba dereva alikuwa bado chini anabishana kuhusu turubai, na mguu wa kulia wa Grégoire ulikuwa tayari unakanyaga sakafu ya kabini, unahimiza lori liondoke, kwa furaha ambayo haikuwa yake.