Adui Aliyekaa Chini

Mpekuzi alianza kazi saa mbili asubuhi, na kufikia saa tatu alikuwa amekwisha kuamsha maadui arobaini ambao hakuna mchezaji aliyewahi kupambana nao.

Walitokea mmoja mmoja katikati ya chumba cha mwanga, kila mmoja kwa kimo chake kamili: kunguru mwenye midomo miwili, askari wa kutu asiye na kichwa, mamba aliyechorwa mkia na miguu ya nyuma tu. Kila mmoja alipiga hatua chache, akatupa pigo lake hewani, kisha akasimama kungoja. Hapo Mpekuzi, mashine isiyo na mwili ila sauti na safu ya vioo ukutani, aliuliza swali lilelile.

"Haitwi popote. Nifute?"

"Futa," alijibu Kabula Lushinge, na kiumbe kikazimika.

"Huyo mamba mlimfanyaje jamani?" aliuliza Tegemea, mhandisi aliyesimamia uhamisho wa mchezo. "Nusu nyingine mlikula?"

"Mchoraji wake aliolewa Ijumaa. Alivyorudi kazini, tukaambiwa mamba hatakiwi tena."

Walicheka. Kabula alikuwa na miaka hamsini na miwili, na ndiye pekee aliyebaki kati ya waliotengeneza Ngome ya Kutu. Miaka thelathini nyuma, hapa hapa Mwanza, watu waliucheza mchezo huo kwenye skrini, vidole vikifanya kazi yote. Sasa ulikuwa unapelekwa kwenye kumbi za kuingia, ambako mchezaji huingia na mwili wake mzima, na kumbi hizo hazipokei mzigo wa ziada. Ngome ilikuwa na mzigo mwingi. Zamani adui akikataliwa, hakuna aliyekuwa na muda wa kumchomoa. Waliukata tu ule mstari wa programu uliomwita, yeye wakamwacha mle mle ndani ya mafaili. Hakuonekana tena, lakini alikuwepo. Mpekuzi aliundwa kuwatafuta wa namna hiyo, na ilipasa amalize kabla ya saa sita mchana.

"Adui wa arobaini na moja," alisema Mpekuzi.

Lilitokea jitu pana la mawe, limebeba jabali begani. Lilipiga hatua tano. Likasimama, likashika kiuno kwa mkono mmoja, likageuza uso kushoto. Kisha likashusha jabali na kukaa chini.

"Aliondolewa kwa taarifa ya kosa. Nisome?"

"Soma."

"'Anatembea hatua tano, anageuza uso, anakaa. Nimehesabu kumi, hajainuka. Amekwama. Aondolewe. K. Lushinge, mjaribu.'"

Tegemea alipiga kofi pajani. "Kumbe muuaji mwenyewe ni wewe!"

Kabula hakucheka. Wajaribu wa siku zile, waliotafuta makosa kabla mchezo haujatoka, walikuwa na desturi yao. Adui akisimama, unahesabu kwa sauti hadi kumi. Asiposogea, amekwama, unaandika, unakwenda kwa mwingine. Walipitia maadui themanini kwa siku, na Kabula alikuwa mwepesi kuliko wote.

"Si kitu, dada," alisema Tegemea. "Mpekuzi, lirekebishe hilo kosa tumwone akipigana."

"Kosa halimo kwenye programu," alisema Mpekuzi. "Limo katika mwendo uliorekodiwa. Aliyekaa ni mtu aliyevaa vazi."

Maadui wote wa mchezo ule walitembea kwa miguu ya watu. Mfanyakazi alivaa vazi la mwendo, lililoshonwa vinasa vidogo kila kwenye kiungo, akatembea ukumbini, na mwendo wake ukavishwa mwili wa jitu.

"Alivaa nani?" aliuliza Tegemea.

"Ndalahwa," alisema Kabula. "Kaka yangu."

Nyumba ya kina Kabula ilikuwa juu ya kilima cha mawe, na kuifikia ulipanda ngazi mia mbili na kitu. Kila mara, katikati ya ngazi, Ndalahwa alisimama, akashika kiuno, akageukia kushoto. "Hebu tazameni ziwa," alisema. Walimtania sana: mtu kazaliwa Mwanza, bado anashangaa maji! Naye alicheka nao, kwa kifupi, maana pumzi ya kucheka zaidi hakuwa nayo. Miezi saba baada ya kuvaa vazi lile aliangukia kwenye ngazi hizo hizo. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka kwa muda mrefu. Siku ya tatu baada ya maziko, mama aliwauliza wanawe waliobaki, mmoja mmoja: hukuona chochote? Kabula alijibu kwamba hakuona. Mama alikufa akiwa na jibu hilo. Kabula alimsimulia Tegemea hayo yote.

"Hukujua, dada," alisema Tegemea taratibu.

"Niliona, Tegemea. Niliona mpaka nikaandika kwa mkono wangu, nikatia na jina."

"Haitwi popote," alisema Mpekuzi. "Nifute?"

Kabula aliinua mkono kumzuia.

Tegemea alisogea karibu. "Unajua sheria ya kumbi. Kisichoitwa na mchezo hakivuki. Tumpe rungu, basi. Mpekuzi atamnyoosha huo mwendo, atapigana kama wengine."

"Akinyooshwa, atakuwa nani?" Kabula alivuta kiti akakaa mbele ya lile jitu. "Mpekuzi, rudia mwanzo. Akikaa, usimzime."

Jitu lilipiga hatua tano. Likashika kiuno, likageuza uso, likakaa. Kabula alianza kuhesabu kwa sauti, kama zamani. Alipofika kumi, pale alipozoea kuishia, aliacha. Tegemea akaipokea hesabu: kumi na moja, kumi na mbili. Kifua cha mawe kilipanda na kushuka. Kumi na tisa. Ishirini.

Kwenye ishirini na tatu jitu liliweka kiganja gotini, likajiinua, likatwaa jabali lake na kuendelea na safari. Hatua nyingine tano. Likasimama tena, likatazama kushoto.

"Hakukwama," alisema Kabula, machozi yakimtiririka bila yeye kuyafuta. "Alikuwa anakuja."

Kisha akavuta kibodi. Ndani ya Ngome kulikuwa na ngazi ndefu, na upande wa kushoto wa ngazi hizo handaki lililojaa maji. Juu kabisa kulikuwa na lango. Aliandika mstari mmoja wa kumwita pale, na wa pili kuhusu lango.

"Nimepokea," alisema Mpekuzi. "Lango la juu litafunguka huyu akifika. Anashambulia?"

"Hapana."

"Basi hawezi kuandikwa adui. Niandike nani?"

"Andika Ndalahwa."

"Mchezaji akikutana naye, afanye nini?"

"Apande naye."

"Huyu atakaa chini mara kumi na nne kabla ya lango. Wachezaji watadhani amekwama."

"Watadhani," alisema Kabula. "Waache wakae naye."

Jitu lilikuwa limeketi. Tegemea naye alivuta kiti, wakageukia kushoto wote watatu.