Kidirisha cha Saa Saba

Jini la wodi ya watoto halikuingia kwa kishindo. Lilijitambulisha kwa nusu kilo ya kahawa.

Sista Senija aliikuta kwenye ukingo wa kidirisha cha habari, imefungwa utepe mwekundu, Alhamisi moja ya Januari ambapo moshi wa makaa ulikuwa umeufunika mji hata mto hauonekani. Upande wa pili wa kidirisha alisimama Mevlida, mama yake Vedad, mwanamke wa kijiji cha juu mlimani, theluji bado imeganda kwenye viatu vyake. Alikuwa akitabasamu. Senija alikuwa amezoea kila kitu pale isipokuwa tabasamu.

"Asante kwa ya juzi, sista," Mevlida alisema. "Watu wanawasema vibaya humu ndani, lakini wewe umenieleza mpaka nikapata usingizi."

"Nimekueleza nini?"

"Robo saa nzima! Kwamba amekula supu, amecheka, amemuulizia paka wake. Ila nilishangaa kidogo, mbona umefunga kibao cha kidirisha ndipo ukaanza kusema. Nikajiambia labda mnawaogopa madaktari. Ukaniambia nisihangaike kuja kwenye barafu hii. Ndiyo maana jana hukuniona."

Juzi Senija hakusema robo saa. Alisema maneno matatu, yaleyale aliyoyasema kwa miaka ishirini na sita. Katika wodi ile wazazi hawaingii. Mtoto hupokelewa mlangoni, mama hubaki na koti lake dogo mkononi, na habari hutolewa kidirishani, saa saba hadi saa nane mchana. Madaktari hawana nafasi na manesi hawana ruhusa ya kueleza. Basi Senija alijitungia maneno yake, akawafundisha na wenzake: "Hali ni ileile." Ukiyasema unafunga kibao, na hakuna wa kukuuliza swali la pili.

Na Vedad hakuwa amekula supu. Alikuwa na miaka sita na tumbo lilimuuma hadi akajikunja. Alitapika hata maji, uso wake ulikuwa mweupe kama shuka lililofuliwa mara nyingi, na alfajiri ile degedege lilimshika kwa mara ya kwanza. Madaktari walipima hiki wakapima kile, wakatikisa vichwa. Yeye mwenyewe hakusema neno. Alilala akiuangalia mlango.

Senija alifungua kinywa amwambie mama mtu yote hayo. Alitaka kweli.

"Hali ni ileile," kinywa kikasema, na mkono ukafunga kibao.

Hakuona aibu. Siku hizi hakuona chochote; moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Akageuka kwenda zake. Ndipo akasikia.

Nyuma yake, ndani ya unene wa ukuta, kati ya kibao cha ndani na cha nje, mtu alikuwa akizungumza. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, tamu, haina haraka, na Senija alisimama akiisikiliza kama unavyosikiliza wimbo unaoujua bila kukumbuka uliusikia wapi, mpaka akatambua kwamba kikohozi kile kidogo kabla ya sentensi ni kikohozi chake, na kwamba mvuto ule wa pumzi ni wake, na kwamba sauti ile iliyokuwa ikimwambia Mevlida mtoto amelala vizuri, kipenzi, degedege hata hajalijua, kipenzi, rudi nyumbani ukapumzike na kesho usije, ni sauti yake yeye Senija, ila yeye tangu azaliwe hakuwahi kumwita mtu kipenzi. Hewa ikajaa harufu ya machenza, ya maganda yaliyosahauliwa ndani ya mfuko mpaka yakaota ukungu.

Alizunguka kwa mlango wa pembeni, akatokea kwenye korido ya wazazi. Baba na mama sita walikuwa wamesogeza masikio kwenye kibao kilichofungwa, wanaitikia kwa vichwa, nyuso zimelegea kwa raha. Na nyuma yao, kwenye benchi, alikaa mwanamke mzee mwenye mfuko wa wavu uliojaa machenza.

Senija alimjua. Miaka kumi na moja alipita mbele yake akidhani ni bibi wa mtoto fulani. Leo alimtazama usoni, akamtambua. Alikuwa Fahra, mama yake Anel, mtoto aliyefia wodini humo.

Alimshika Mevlida mkono. "Twende ndani."

"Lakini si umesema nirudi..."

"Si mimi niliyesema. Twende."

"Basi na shangazi yangu aje. Amenisindikiza."

Shangazi yake, bi Zumra, alikuwa mmwaga risasi, wale wanawake wanaoyeyusha madini ya risasi kwenye upawa na kuyamwaga majini juu ya kichwa cha aliyeingiwa na hofu, kisha wakasoma umbo lililoganda. Alitembea na mkoba wake kama daktari.

"Bibi, humo ndani hakuna kuwasha moto," Senija alimwonya. "Kuna oksijeni. Utatulipua sote."

"Sikuja kuwasha, mwanangu. Nimekuja kuuliza." Alitoa kitambaa chekundu, akakifungua. "Nilimmwagia kwenye shati lake, wiki hii. Miaka arobaini risasi inanitolea miiba na vichwa vya mbwa. Hii imetoka hivi."

Ilikuwa bamba la mraba, lenye tundu la mraba katikati. Bi Zumra alitazama bamba, akatazama kidirisha ukutani, akalifunika upesi.

Vedad alipomwona mama yake hakulia. Alinyoosha mikono. Lakini alipokwisha kukumbatiwa aliona kitambaa chekundu mkononi mwa bi Zumra, akafungua kiganja.

"Nipe yangu ninyonye," alinong'ona.

Senija akainama kitandani.

"Unyonye nini?" Senija aliuliza.

"Vile vipande vya risasi," Mevlida alijibu, bado akimpapasa mtoto nywele. "Anashinda kwa shangazi nikiwa kiwandani. Anavipenda, anasema vitamu. Ana sanduku zima la..." Akaona uso wa Senija. "Kwa nini, sista? Ni vibaya? Hakuna aliyeniuliza."

Hakuna aliyemuuliza. Siku tisa mtoto alikuwa akiuliwa na sumu ya risasi, na jibu lilisimama upande wa pili wa kibao likiambiwa liende nyumbani. Senija alikimbia. Hakuwa amekimbia kwenye korido ile kwa miaka. Daktari alichukua damu, gari likatumwa mji wa jirani kutafuta dawa, na Mevlida akakalishwa kwenye kiti kando ya kitanda. Aliyejaribu kumtoa alitazamwa na Senija kwa jicho ambalo hakutaka kuliona tena.

Bi Zumra alikuwa amejiinamia dirishani.

"Nimemlisha mauti kwa mikono hii," alisema. "Sitamwaga tena mpaka naingia kaburini. Lakini nikuambie jambo, mwanangu, kabla sijanyamaza. Yule asiyetajwa aliye kwenye ukuta wenu hatoki kwa risasi, wala kwa ubani. Ameletwa na neno ulilolikatisha. Nenda kalimalize, wewe mwenyewe unajua kwa nani."

Ilikuwa saa nane kasorobo. Korido ilikuwa tupu, isipokuwa benchi. Senija akaketi kando ya Fahra, na harufu ile ikamziba pumzi.

"Leo umetoka nje," Fahra alisema. "Nimeshasikia, usijali. Hali ni ileile. Amekula machenza ya jana."

"Mama Anel. Anel..."

"Nilimzika, sista. Sina wazimu. Kila Ijumaa naenda. Lakini kule kaburini hakuna anayenijibu."

Nyuma ya kibao sauti ilianza kucheka taratibu, kicheko cha Senija.

"Siku ile," Senija alisema, "uliniuliza saa saba, nikakuambia hali ni ileile. Alikuwa amekufa tangu saa sita kasorobo. Daktari alitaka akuambie mwenyewe, akachelewa. Nilijua. Ukaniambia basi ngoja nikamnunulie machenza, nikakuacha uende."

Usimsikilize, kipenzi, sauti ilisema, na kibao kikaanza kugongagonga kwenye fremu kama meno ya mtu mwenye baridi, na maneno yakamwagika, amelala, ametabasamu, joto limeshuka, kesho ataruka, kesho utamvisha koti lake, kipenzi, kesho, na Senija akawa anasema juu yake, kwa sauti kubwa, kila kitu, saa kwa saa, sindano kwa sindano, asijue tena ni maneno gani yanatoka ukutani na yapi yanatoka kooni mwake, mpaka Fahra akamshika kidevu na kumgeuza.

"Aliniita?"

Hapana, kipenzi, ukuta ulisema. Alilala tu.

"Alikuita," Senija alisema.

"Mara ngapi?"

"Mpaka akachoka."

Kibao kikatulia. Ndani ya ukuta kitu kilishuka, kizito, kama gunia linaloteleza ngazi, kikaenda chini na chini zaidi. Fahra aliinuka. Aliacha mfuko kwenye benchi, akashuka kilima cha hospitali kwa miguu, na kilio chake kikasikika mpaka darajani. Hakurudi tena kidirishani.

Vedad alipona polepole. Kidirisha kilizibwa kwa matofali, mlango ukaachwa wazi, na akina mama sasa hulala kwenye viti kando ya watoto wao na kusimama na madaktari asubuhi wanapopita vitandani. Wanauliza maswali mengi, wengine ya kijinga, na wanajibiwa.

Lakini wiki ileile Fahra alipoondoka, Senija alirudi nyumbani ganzi ikiwa imemwachia. Alilia siku tatu mfululizo, hakula, hakuwasha jiko. Siku ya nne, saa saba mchana, simu ililia. Alikuwa binti yake Lejla, kutoka mji wa Graz, nje ya nchi.

"Mama, vipi? Nimekuwa nikikupigia. Uko sawa? Nipande basi nije?"

Njoo, Senija alitaka kusema. Njoo leo. Alivuta pumzi, akakohoa kidogo.

"Hali ni ileile," kinywa chake kikasema, kwa utamu, bila haraka. "Usihangaike kuja kwenye barafu hii, kipenzi."

Na jikoni kwake, ambapo hapakuwa na tunda hata moja, pakaanza kunuka machenza.