Sauti Iliyosema Karibu

Usifungue mlango, kwa asiyebisha hodi,
Wapo waendao tango, wasiojua kurudi.

Asubuhi ile ya baridi kali, Margareth alikuwa akifagia uwanja wa nyumba yao ya Katandala alipousikia mlango wa gari ukifunguka nyuma yake. Gari lilikuwa Noa nyeupe, ngeni bado machoni pa mji, na mlango wake wa ubavuni uliteleza wenyewe bila kuguswa na mkono. Hilo halikuwa ajabu, ndivyo ulivyoundwa. Ajabu ni kwamba gari lilikuwa limezimwa, ufunguo ulikuwa juu ya kabati la chumbani, na mumewe Ambwene alikuwa bafuni akijimwagia maji huku akiimba.

"Karibu. Ingia, ukae," gari likasema.

Sauti ilikuwa ya Margareth mwenyewe. Hiyo nayo aliizoea. Alibaki ameshika ufagio, akaliona gari likiinama kidogo upande wa mlango, kama liinamavyo pale mtu mnene anapokanyaga ngazi. Mkanda wa kiti ukavutika polepole, ukalia tak, ukajifunga. Kisha mlango ukateleza kurudi mahali pake, na uwanja wote ukanuka tope la ziwani.

Tangu watu wakumbuke, teksi za Sumbawanga zilikuwa Pijo za bluu. Zilikuwa kuukuu, zilivuja mvua, vipuri vyake havikupatikana ila kwa kuiua moja ili kuiponya nyingine. Abiria wa nyuma hakuweza kutoka mpaka dereva azunguke amfungulie, kwa maana vishikio vya ndani viling'olewa vyote zamani. Madereva wake nao walikuwa na tabia yao: hawakumwambia abiria karibu. Walisema, "Panda," basi. Wageni wa mikoa mingine waliwaona watu wakavu, na mmoja wa wageni hao alikuwa Ambwene, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuja kuendesha teksi, akaoa Mfipa, akaishia kuchaguliwa mwenyekiti wa madereva.

"Jamani, tunafukuza abiria kwa midomo yetu," aliwaambia kikaoni. "Pijo zikapumzike. Tulete Noa. Na mtu akipanda, akaribishwe kama binadamu."

"Sisi tunasema panda," alijibu mzee Cleophas, dereva aliyewatangulia wote kijiweni. "Baba zetu walisema panda."

"Kwa sababu gani, mzee wangu?"

"Hawakutuambia. Walikuwa na raha ya kuishi bila mwenyekiti wa kuwauliza."

Watu walicheka, na Ambwene akacheka kuliko wote. Pijo zikakokotwa kwenda kukatwa vyuma chakavu. Fundi akafunga katika Noa ya mwenyekiti spika ndogo ya kumkaribisha abiria kila mlango unapofunguka, ili wengine waone na kuiga. Sauti iliyorekodiwa ilikuwa ya Margareth, kwa kuwa katika kwaya ya parokia hapakuwa na sauti ya kwanza iliyomfikia.

Jioni ya kuamkia asubuhi ile, Ambwene alikuwa akipandisha kutoka Milepa, huko bondeni kwenye ziwa. Alipofika juu, kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, lile genge refu, alisimamisha gari abiria wachimbe dawa. Wote walishuka, wakajitawanya vichakani. Yeye, aliyekuwa na haraka ya nyumbani, akabonyeza kitufe kabla hawajarudi. Mlango ukafunguka, sauti ya mkewe ikakaribisha, na nje hapakuwa na kitu ila ukungu, uliolifuata gari mpaka mjini.

Tangu siku hiyo kiti cha mlangoni hakikukauka. Abiria walikaa juu yake, wakainuka na nguo zimelowa, wakanung'unika. Mama mmoja muuza dagaa alisema, "Sogea basi, mwenzangu," kisha akageuka kumtazama mwenzake, akaomba kushushwa hapohapo, na nauli akasamehe. Katekista alikuja na maji ya baraka, mlango ukamfungukia kwa heshima, ukamwambia, "Karibu. Ingia, ukae," naye akakumbuka kwamba alikuwa na mafundisho. Ambwene akazikata nyaya, akaing'oa spika, akaitupa chooni.

Gari likaendelea kukaribisha. Margareth ndiye aliyeanza kunyamaza.

Kwanza ulikuwa mkwaruzo wa koo, akadhani ni baridi. Jumapili kanisani alifumbua kinywa katika wimbo wa Utukufu, pumzi ikatoka tupu. Katikati ya wiki alikuwa akinong'ona tu, na kila alivyozidi kunong'ona, ile sauti ya gari ilizidi kunona, ikapata maneno mengine ambayo hakuwahi kuyarekodi.

Adhuhuri moja alikuwa ameketi kitandani, anakunja nguo. Akamsikia mumewe akiingia kwa mlango wa uani.

"Karibu, mume wangu. Pole na kazi," sauti yake ikasema kutoka jikoni.

"Asante, mama. Leo koo limefunguka!" Ambwene akajibu kwa furaha. "Umepika nini kinachonuka tope hivyo?"

"Njoo uonje."

Margareth alitaka kupiga kelele, akapiga pumzi. Akaligonga kabati kwa ngumi, akaligonga tena. Hatua za Ambwene zikasita. Alipotokea mlangoni pa chumba na kumwona mkewe pale kitandani, machozi yakimtiririka bila mlio, alishika mwimo kwa mikono miwili. Nyuma yake, jikoni, kijiko kiliendelea kukoroga sufuria iliyokuwa imening'inia ukutani.

Siku hiyohiyo walikwenda Pito kwa Bibi Emerensiana, mganga, mjane wa dereva wa Pijo ya kwanza. Walimkuta anapepeta ulezi.

"Shikamoo, bibi," alisema Ambwene. Margareth alichezesha midomo tu.

"Marahaba. Usijitaabishe, mjukuu wangu. Sauti yako mwenzio anaitumia." Akautua ungo, akamgeukia Ambwene. "Na wewe, ndiye yule mwenye adabu?"

"Bibi, hatukujua."

"Zungumza chini. Mmemwacha garini, na dirisha li wazi." Akasogea karibu nao, mpaka vichwa vitatu vikagusana. "Yule hukaa pale ukingoni. Madereva wetu walimpita miaka yote, wala hakuwadhuru, kwa kuwa haingii pasipo neno la mwenye nyumba. Ndiyo maana wanaume wetu walilitoa neno lile vinywani. Nanyi mkalitia ndani ya mashine, liwe linasema lenyewe, usiku na mchana, kwa yeyote."

"Ni jini? Ni mzimu?"

"Hajanitajia jina. Usimwulize, atadhani mnaanza urafiki."

"Basi mfukuze, bibi."

"Mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi, baba. Anasindikizwa." Akaushika mkono wa Margareth. "Mkeo alimkaribisha, mkeo atamtoa. Kwa miguu, tangu mlangoni kwenu. Mfungie unga wa ulezi, asiondoke mikono mitupu, na umbebee wewe. Ongozana naye mpaka yeye mwenyewe aseme: inatosha, rudi. Akisema, mpe mzigo wake, ugeuke. Lakini ukigeuka kabla hajasema, umemfukuza. Naye akifukuzwa atarudi, na safari hiyo hatakuwa mgeni."

Ambwene aliuliza, "Akisindikizwa na mtu mwingine? Mimi, kwa mfano?"

"Atakwenda nawe vizuri sana," alisema Bibi Emerensiana. "Ila wewe hukumkaribisha kwa sauti yako. Hana sababu ya kukuambia rudi."

Kesho yake jua lilipochomoza, Margareth alijitwika kapu la unga, akasimama mbele ya gari, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayempisha mwingine atangulie. Mlango ukateleza. Gari likainuka upande mmoja, jepesi. Vumbi la uwanja likaanza kulowa, doa baada ya doa, kuelekea barabarani.

Alidhani ataambiwa arudi watakapofika kijiweni pa teksi, mahali ambapo mwenyeji yeyote huagana na mgeni wake. Madereva waliinuka walipomwona, mzee Cleophas akavua kofia, na madoa yakapita. Wakaiacha Katandala, wakaiacha Pito, ambako Bibi Emerensiana alisimama kando ya njia na asithubutu kusalimia. Wakaingia katika mashamba yaliyokwisha kuvunwa, upepo ukivuma juu ya mabua makavu, na kando yake ile sauti iliyokuwa yake ikimsimulia mambo ya nyumbani kwake, jinsi mumewe anavyokoroma, wapi anaficha chumvi, wimbo gani mama yake alimwimbia alipougua surua, na kila alichosimuliwa akahisi kimemtoka kichwani na kuhamia upande wa pili wa njia, na kapu likaongezeka uzito kana kwamba unga ule unanyonya maji, shingo ikamzama mabegani, miguu ikapasuka, jua likapanda likashuka, mpaka miti ikawa michache, hewa ikageuka kuwa ya joto lipandalo kutoka chini, na mbele yake nchi ikakatika.

Walikuwa wamefika ukingoni. Ukungu ulijaa bondeni kama maziwa katika kibuyu.

"Mbona umesimama?" sauti ikauliza. "Kwangu ni huko chini. Twende ukapaone."

Margareth akapiga magoti, si kwa kuomba, kapu lilimlemea. Alitaka kusema: inatosha, mama, nimekufikisha. Midomo ikatamka, koo halikutoa kitu. Mguu wake mmoja, bila yeye kuuamuru, ukajongea mbele, changarawe zikaporomoka.

Mikono ikalipokea kapu kichwani pake. Ambwene alikuwa amewafuata kwa mbali tangu asubuhi. Sasa alikuwa amelibeba begani, amepinda mgongo, anahema.

"Mama," aliuambia ukungu, kwa adabu yake ileile, "mke wangu amechoka. Mimi ndiye mwenye nyumba. Niache nikusindikize."

Upepo ulisita.

"Haya, baba," ikasema sauti ya Margareth. "Wewe mtu mwema. Twende."

Margareth alilikamata koti la mumewe kwa mikono miwili. Alitikisa kichwa, akatikisa, akatikisa. Ambwene akavibandua vidole vyake kwa upole, kimoja kimoja, kama anayemtoa mtoto miiba.

"Akiniambia rudi, nitarudi," alinong'ona.

Wote wawili walikuwepo Bibi Emerensiana aliposema, na wote wawili walisikia.

Akashuka. Pembeni yake vumbi likalowa hatua kwa hatua. Ukungu ukamfika magotini, ukamfika kiunoni, ukafunika kapu, na kwa kitambo kirefu alisikika akijibu kitu alichoulizwa, akicheka hata, kwa heshima, kama mwenyeji anavyocheka na mgeni wake. Halafu hakusikika.

Hapo kitu cha moto kikamshuka Margareth kooni, kama uji wa kwanza baada ya homa. Akafumbua kinywa.

"Ambwene! Inatosha! Rudi!"

Ilikuwa sauti ya kwanza ya kwaya, nzima, bila ufa. Ikagonga miamba ya ukingo, ikashuka bondeni, ikafika chini kabisa. Aliita mpaka jua likagusa milima.

Ukungu ulipojiinua, barabara ya Milepa ilionekana yote, kona kwa kona, nyeupe na tupu, mpaka ilipozama katika bonde. Juu, ukingoni, alikuwa amesimama Margareth peke yake.